Mahali pa Kuwekea Majembe ni Sehemu ya Somo

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia shamba, na kazi iwe sehemu ya kujifunza. Sera zimebadilika tangu hapo, lakini shule zetu za Masasi na Newala bado zina bustani za kulima, mikorosho ya kupalilia na nyasi za kufyeka. Linalosahauliwa ni mahali pa kuweka zana kazi inapokwisha.

Mkufunzi anayekagua mazoezi ya kufundisha huikuta hali hiyo mara nyingi: majembe yamelundikwa pembeni mwa darasa, reki imelazwa meno juu. Mvua zinapoanza, chuma hushika kutu. Mpini unaogusa udongo huliwa na mchwa. Kipindi kikifika, wenye nguvu huwahi majembe mazuri, na wadogo huachiwa yaliyolegea. Hatimaye wanafunzi huamriwa kuja na majembe ya nyumbani. Mtoto ambaye mama yake ana jembe moja tu, tena wakati wa kupanda, hulazimika kuchagua kati ya chakula cha nyumbani na adhabu ya shuleni.

Wapo wasemao kwamba hakuna fedha za kujenga stoo. Lakini majembe hayahitaji stoo. Yanahitaji nguzo zenye panda na fito mbili sambamba chini ya upenu, zikiachana kiasi cha kupitisha mpini. Jembe hulala juu ya fito, mpini ukaning'inia bila kugusa chini, na makali yote yakaelekezwa ukutani. Fito ziwe katika kimo ambacho mtoto wa darasa la tatu atakifikia. Kando yake liwekwe debe la mchanga uliochanganywa na oili chafu kidogo, mbali na bustani ya mboga. Jembe lililokwishapanguswa udongo huchomekwa humo mara kadhaa kabla ya kutundikwa. Mapanga na mashoka pekee ndiyo yafungiwe ndani, katika vitanzi vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa ubaoni.

Muhimu zaidi, kazi hii isifanywe na fundi wala isigeuzwe adhabu. Ifundishwe. Majembe 36, kila moja likipewa sentimeta 20, yanahitaji fito za mita 7.2: hilo ni somo la hisabati. Misumari miwili, mmoja mkavu uliopakwa oili na mwingine uliolowa, ni somo la sayansi kuhusu kutu. Nambari iliyochomwa kwa moto kwenye mpini, na nambari hiyohiyo ikaandikwa kwa mkaa ukutani, humwonyesha hata kiranja mdogo jembe lisilorudi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukuta huo ni daftari asomalo kila mtu.

Kwa hiyo nashauri vyuo vyetu visimpe mwanachuo alama kamili kwa somo la kazi za mikono ikiwa andalio lake linaishia pale jembe linapotua chini. Liseme pia nani atalisafisha, litatundikwa wapi, na nani atahesabu. Mwalimu asiyefundisha utunzaji wa jembe amefundisha nusu ya kilimo, na nusu iliyobaki hulipwa na mzazi.