Hodi Bila Kuaga: Utafiti wa Homa Bay na Migori Unanukuliwa na Nani?

Mwaka 2001, jarida la Demography, mojawapo ya majarida yenye heshima kubwa katika taaluma ya idadi ya watu, lilichapisha makala ya Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Susan Watkins. Makala hiyo ilijengwa juu ya majibu ya wanawake wa Obisa, Owich, Kawadhgone na Wakula South, sehemu za iliyokuwa Wilaya ya South Nyanza, eneo ambalo leo limegawanyika hasa kuwa kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya. Tangu mwaka 1994 wadadisi walikuwa wamepita boma hadi boma wakiuliza mama ana watoto wangapi, anatumia njia gani ya kupanga uzazi, na mambo hayo huyazungumza na nani. Makala hiyo imenukuliwa na wasomi mamia ya mara, na kwa vipimo vya vyuo vikuu huo ni ufanisi mkubwa. Sina shaka kwamba ni kazi nzuri. Ila tumezoea kuuliza kazi ya kitaaluma imenukuliwa mara ngapi, na swali hilo linaacha nje jambo linalowahusu zaidi waliotoa majibu. Swali lao ni hili: imenukuliwa na nani?

Tazama kwanza makala hiyo iligundua nini. Huko Obisa, ambako shughuli za soko zilikuwa nyingi, wanawake walizungumza na watu waliotawanyika, wasiofahamiana wote, na mazungumzo hayo yaliwapa habari mpya za kupima na kulinganisha. Katika sehemu ambako soko lilikuwa dogo na watu wanajuana wote, mazungumzo yaleyale yalikuwa na uzito wa aina nyingine: yalimsukuma mwanamke afuate kile ambacho wenzake wamekubali. Miaka minne kabla yake, Naomi Rutenberg na Watkins walikuwa wameonyesha kwamba mwanamke wa Nyanza aliyetoka kwa muuguzi bado aliwatafuta wanawake wenzake waliowahi kutumia njia hiyo, kwa sababu mwili wa jirani unaofanana na wake ulimpa ushahidi ambao kliniki haikuweza kumpa. Kwa mpangaji wa huduma za afya, haya ni maarifa ya kazi. Yanamwambia kwamba mhamasishaji wa afya ya jamii anayefanya kazi penye soko anaweza kuanza na mwanamke mmojammoja, lakini kijijini penye ukoo ulioshikamana lazima alishawishi kundi zima. Sasa chukulia kwamba afisa wa afya wa Homa Bay ameyasoma hayo na kubadilisha mpango wake. Faharasa za nukuu hazina mahali pa kuliandika tendo lake. Mwanafunzi wa uzamili wa ng'ambo akiitaja makala hiyo katika tanbihi, atahesabiwa iwapo kazi yake itachapishwa katika jarida lililoorodheshwa. Afisa aliyeitumia kuokoa maisha hahesabiwi.

Kasoro hii inatokana na jinsi kipimo chenyewe kilivyoundwa. Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanzisha faharasa ya nukuu za kisayansi katika miaka ya 1960, alitaka kumsaidia msomi afuate wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Kutokana na faharasa hiyo kikazaliwa kigezo cha athari cha jarida: chukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka 2 iliyotangulia, ugawanye kwa idadi ya makala hizo. Kigezo hicho kina ukomo wa aina mbili. Kwanza, miaka 2 ni kipindi kifupi mno kwa sosholojia, ambayo maswali yake kuhusu ndoa, ardhi, deni na mauti huiva polepole. Pili, kinahesabu tu mazungumzo ya majarida yaliyokubaliwa kuingia katika orodha, na sehemu kubwa ya majarida hayo huchapishwa kwa Kiingereza huko Ulaya na Marekani. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza mwaka 1968 kwamba katika sayansi sifa humiminika kwa aliye na sifa tayari, na akaipa hali hiyo jina la mwinjili Mathayo: mwenye nacho huongezewa. Nukuu nazo huenda hivyohivyo. Jarida linalonukuliwa huvuta makala nzuri, makala nzuri huvuta nukuu zaidi, na jarida la Kenya linalosomwa na walimu, machifu na wauguzi hubaki likionekana tasa.

Kipimo kikishika hatamu, huanza kuelekeza pia maswali. Fuatilia kazi zilizoandikwa kuhusu eneo hili utaona mkondo. Katika miaka ya 1980 Parker Shipton alichunguza fikra ya Waluo ya pesa makech, yaani pesa chungu: fedha itokanayo na kuuza ardhi, dhahabu au tumbaku, ambayo haifai kununulia ng'ombe wa mahari. Kitabu chake cha mwaka 1989 kiligusa mambo yanayoumiza vichwa vya watu wa Migori hadi leo, kwa maana tumbaku na dhahabu ni za kwao. Miaka ya 1990 ikawa zamu ya uzazi. Kuanzia miaka ya 2000, hasa baada ya Marekani kuanzisha mpango wake wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, mwaka 2003, Ukimwi ukatawala, na neno jaboya, mapatano ambamo mwanamke humpa mvuvi mwili ili apate samaki wa kuuza, likaingia katika msamiati wa majarida ya kimataifa. Mwaka 2013 Carol Camlin, Zachary Kwena na Shari Dworkin walionyesha kwamba wanawake wenyewe hutofautisha aina za mahusiano hayo, na kwamba hadhi na uwezo wa kujadiliana haviko sawa kwa wote. Huo ulikuwa uchunguzi makini. Hata hivyo, mgeni anayelijua eneo hili la Ziwa Victoria kupitia majarida pekee ataondoka akidhani kwamba maisha ya mwanamke wa Mbita ni ugonjwa na ngono. Atajua machache kuhusu chama chake cha akiba, kesi yake ya shamba, au mahesabu yake ya bei ya omena, yaani dagaa.

Wasomi wa Afrika walilitambua tatizo hili mapema. Achola Pala, mtafiti Mkenya aliyechunguza maisha ya wakulima wanawake Waluo, aliandika katika jarida la Signs mwaka 1977 kwamba ajenda za utafiti kuhusu wanawake wa Afrika zilikuwa zikipangwa na watu wa mbali, na kwamba vipaumbele vya wanawake wenyewe vilipotea humo. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin alilifananisha na uchumi wa kikoloni: Afrika hutoa mali ghafi, nadharia hutengenezwa ng'ambo, kisha bidhaa hurudi kununuliwa kwa bei ghali. Mfano huo hauhitaji ufafanuzi kwa mtu wa Nyatike, ambako dhahabu ya Macalder ilichimbwa tangu enzi za mkoloni. Dhahabu angalau huonekana ikibebwa. Majibu ya dodoso husafiri kimya, na aliyeyatoa mara nyingi hajui yalifikia wapi.

Yupo atakayesema kwamba ninawaonea watafiti, kwa kuwa utafiti wa afya umeleta manufaa makubwa katika kaunti hizi. Ni kweli, na ushahidi upo. Uchunguzi wa shirika la Médecins Sans Frontières uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wakiishi na virusi vya Ukimwi, na shirika hilohilo likapanua huduma hukohuko. Jaribio la SEARCH, lililohusisha jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, baadhi yake Homa Bay na Migori, lilipeleka upimaji na dawa karibu na nyumba za watu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine. Lakini tazama kwa nini tafiti hizo zilizaa matunda. Aliyeuliza swali ndiye aliyekuwa na dawa mkononi, au alikuwa na mlango ulio wazi Wizara ya Afya. Manufaa yalipita katika njia hiyo, na nukuu zikafuata baadaye. Sosholojia ya ardhi, ya mazishi, ya mikopo na ya vijana wa machimbo haina njia kama hiyo. Kwa hiyo mfano wa afya unaunga mkono hoja yangu: faida huja pale utafiti unapokuwa na msomaji mwenye uwezo wa kutenda katika eneo lenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hesabu, wasemavyo wanaoitetea, humlinda mhadhiri asiye na ndugu wala mtu wa kabila lake katika kamati ya vyeo. Ukiondoa alama za machapisho, utakaribisha upendeleo. Nalikubali hilo. Mwongozo wa mwaka 2014 wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ulioweka alama kwa kazi zilizopitiwa na wataalamu ulikuwa hatua ya haki, na sipendekezi ufutwe. Ninachosema ni kwamba hesabu finyu nayo huzaa ufisadi wake. Majarida ya kilaghai, yanayochapa chochote kwa mwenye kulipa ada, yamestawi kwa sababu mhadhiri anadaiwa idadi. Ndiyo maana Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti liliwataka waajiri na wafadhili wasimpime mtafiti kwa kigezo cha jarida alimochapisha. Ulinzi dhidi ya upendeleo ni uwazi wa ushahidi, na ushahidi wa matumizi unaweza kukaguliwa kama nukuu inavyokaguliwa: hati ya kaunti ina tarehe, ukurasa na sahihi.

Wapo pia watakaosema kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima, na kuidai ihudumie kijiji kimoja ni kuifunga kamba. Utafiti wa South Nyanza wenyewe unatoa jibu. Mbinu zake zilipelekwa Malawi, ambako mradi ndugu ulianza mwaka 1998. Ule wa Malawi umeendelea kwa zaidi ya miongo miwili, ukiwarudia watu walewale, na umekuwa hazina ya wasomi wa dunia. Ule wa Kenya ulikoma baada ya awamu ya mwaka 2000. Hakuna aliyepoteza kwa sababu Malawi ilitazamwa kwa karibu na kwa muda mrefu. Elimu ya dunia ndiyo iliyotajirika. Kukaa na watu, kuwarudia na kuwasikiliza tena hufanya sayansi iwe bora. Mwenyeji anayesoma matokeo ndiye wa kwanza kutambua pale mtafiti alipolielewa neno vibaya.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Leseni ya utafiti inayotolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, humtaka mtafiti ajulishe ofisi za kaunti kabla ya kuanza kazi, na akimaliza apeleke nakala ya ripoti kwa tume hiyo, iliyoko Nairobi. Yaani sharti la kupiga hodi lipo, ila la kumuaga mwenyeji halipo. Liongezwe. Nakala moja iwekwe katika Chuo Kikuu cha Rongo kwa kazi za Migori, na nyingine katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya kwa kazi za Homa Bay, ikiandamana na muhtasari wa kurasa 2 kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, iwe Dholuo au Kikuria, wa kusomwa katika baraza. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na imeitaka serikali ikuze lugha za asili. Utafiti usijitenge na wajibu huo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo itoe alama kwa kazi iliyonukuliwa katika mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti, katika mswada wa bunge la kaunti au katika mtaala wa shule. Kaunti hizi mbili zina watu zaidi ya milioni 2.2 kwa sensa ya 2019, na zinaandika mpango huo kila baada ya miaka 5. Zidaiwe kuonyesha katika kila sura zimesoma utafiti gani uliofanywa ndani ya mipaka yake.

Haraka inahitajika, kwani mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kulivunja shirika la USAID. Mfadhili akiondoka, seva zinaweza kuondoka naye, pamoja na kumbukumbu za miaka mingi za watu waliofungua milango yao. Vyuo vyetu vikiwa na nakala, maswali yataendelea kuulizwa, safari hii na vijana waliozaliwa Kanyamkago, Rusinga na Kehancha. Vikikosa, tutaanza upya kuyatafuta mambo ambayo mama zetu walikwisha kuyaeleza.

Mhadhiri unayesoma haya, nukuu zako ni haki yako, zitafute kwa bidii. Lakini kabla hujatuma makala yako ng'ambo, rudi kwenye boma lililokupa majibu, useme kwa lugha inayoeleweka umegundua nini. Waliokukaribisha walikupa kiti na wakati wao, na hawakukudai kitu. Kuwaaga kwa matokeo ni deni, na deni hulipwa.