STAA, RABA ZAKO HAZITIBU MGONGO WA MAMA WA DAGAA!

KUNA mrembo mmoja, ukitaja video kali za Bongo Fleva lazima sura yake ikujie. Kwa sasa yupo Dar, anaishi kistaa, lakini mizizi yake ni Mugango, kule Mara, kando ya Ziwa Victoria. Mwishoni mwa mwaka alirudi nyumbani, akapiga picha mwaloni na dagaa walioanikwa nyuma yake. Chini kulikuwa na raba nyeupe zenye soli nene iliyobinuka kama mtumbwi, kiunoni mkanda mweusi wa kubana. Akaandika eti mgongo ulimsumbua miaka, sasa umepona, "raba na mkanda ndo siri". Namba ya oda ikafuata.

Laiki zikamiminika. Sawa, kiki ni kazi kama kazi nyingine. Shida ni kwamba picha ile haikuishia kwa wadada wa mjini. Mama mmoja pale pale Mugango, anayechuuza dagaa, aliioneshwa na binti yake kwenye simu. Mama huyo mgongo unamuuma kwelikweli. Kila siku anainama kumwaga dagaa, anainama kuwageuza, anainama kuwakusanya, halafu anajitwisha ndoo. Akatoa elfu themanini ya mtaji, akatuma. Raba zikaja na basi.

"Mama, vaa ukae ndani, mgongo upumzike," binti akamwambia. Mama akavaa, akalala wiki mbili. Alipoinuka, mgongo ulikuwa mkavu kuliko mwanzo na mtaji umekata.

Sasa hapo nani wa kulaumiwa? Binti anaipenda familia yake. Mama alitaka kupona arudi kazini. Aliyekula hela bila jasho ni mmoja tu, na anajijua.

Wenye kumbukumbu wanajua mchezo huu si mgeni. Soli hizi za kubinuka ziliwahi kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la MBT, na hiyo M ya mwanzo ni Masai! Aliyezianzisha ni Mswisi, Karl Müller, miaka ya 1990, kwa madai kwamba kiatu kinakufanya utembee kama Mmasai anayetembea peku kwenye ardhi laini. Yaani Mmasai huyu huyu anayekata mbuga na katambuga za tairi, soli bapa kama chapati, ndiye jina lake likauzia raba za bei ya ng'ombe. Vichekesho!

Watafiti wa Uingereza wakazipima. Wakachukua watu 115 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa soli za kubinuka, wengine raba za kawaida, na wote wakafanya mazoezi. Majibu yalitoka mwaka 2013: baada ya mwaka mzima, soli ya kubinuka haikuonesha ubora wowote. Wale ambao mgongo uliwauma zaidi wakisimama au kutembea ndio waliofaidika zaidi na raba bapa! Na hawa mama wa mwaloni mgongo unawauma saa ngapi kama si wakiwa wamesimama na kutembea?

Kule Marekani nako staa mmoja wa kipindi cha maisha yake kwenye TV, umbo lake linajulikana dunia nzima, alitangaza raba za aina hiyo za Skechers mwaka 2011, kwenye fainali ya mpira wao inayotazamwa na mamilioni. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya matangazo ya kupotosha. Kabla yake Reebok walishalipa milioni 25 kwa raba zao za kukaza makalio. Hela zile zilitengwa kurudishiwa wanunuzi.

Tuje kwenye mkanda. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini; maumivu ya mgongo wa chini kwa ujumla yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020. Mikanda ya kiuno imo kwenye orodha ya vitu ambavyo shirika hilo halishauri vitumike kama matibabu ya kawaida. Linachoshauri ni mazoezi yenye mpangilio, kumwelimisha mgonjwa aelewe mwili wake, na tiba za mikono kwa baadhi ya watu. Mkanda kwenye picha unatengeneza shepu, hilo halina ubishi. Ila shepu ni shepu na mgongo ni mgongo.

Sasa wajanja watadakia: "Mazoezi gani tena, mama wa dagaa si anafanya mazoezi kutwa?" Hoja nzuri, na ndipo mastaa wanapoteleza. Kuinama saa nne mfululizo na kubeba ndoo iliyojaa ni mzigo ambao mwili haukuupangia. Mazoezi yanaanza kidogo, yanapanda taratibu, na yanagusa misuli ambayo kazi inaisahau. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno, shusha. Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badili. Dakika kumi kwenye mkeka, bure. Kisha kazi yenyewe ipangwe upya: ndoo nusu mara mbili badala ya ndoo moja ya kuvunja shingo, chanja za kimo cha kiuno badala ya kuanika chini, na kunyooka kila baada ya muda.

Kwa anayekaa kutwa kwenye bodaboda, duka au simu, dawa ni miguu yake. Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 ulichukua watu 701 ambao mgongo ulikuwa umetoka kupona. Waliosaidiwa na mtaalamu kujenga tabia ya kutembea hadi dakika 30, mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi. Wenzao walikaa 112. Na hakuna aliyeuziwa raba ya miujiza.

Kiatu kina kazi yake, tusidanganyane. Ndala iliyolika inateleza kwenye mawe ya ufukweni, na mchuchumio kutwa nzima utakuchosha miguu na kiuno. Raba ya mtumba inayokukaa vizuri, isiyobana vidole, yenye soli inayoshika chini, inatosha kabisa. Yeboyebo zisizolegea nazo poa tu. Na kama mguu unakufa ganzi au kuishiwa nguvu, ganzi imeingia katikati ya mapaja, mkojo umegoma au hauzuiliki, una homa, unakonda bila sababu au maumivu yameanza baada ya kuanguka, hapo si suala la raba wala mkeka. Panda gari, Musoma kuna hospitali ya rufaa.

Mama wa Mugango amerudi mwaloni. Kakopa kwa shoga yake, anabeba ndoo nusu, na miguuni kavaa yeboyebo zake za zamani. Raba nyeupe zipo juu ya kabati ndani ya boksi. Binti alituma meseji kwa staa kuomba warudishiwe hela, ikasomwa, hakujibiwa, kisha akablokiwa. Picha ipo bado, namba ya oda ipo bado. Dada, Wamarekani walirudishiwa hela zao. Huyu mama wa kwenu unamrudishia lini?