Leseni ya lori huanzia ulimini



Wiki hii tunajibu barua ya mama mmoja wa Tanga. Mwanawe aliendesha lori la mizigo kwa miaka sita, akipakia bandarini na kwenda hadi Lusaka kwa njia ya Tunduma, na hakuwahi kuangusha gari. Sasa anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, pamoja na mkewe na watoto wawili. Amefanya mtihani wa vitendo wa leseni ya malori makubwa mara tatu, na mara zote tatu amerudi nyumbani mikono mitupu. Ada ya chuo ilichangwa na ukoo. Mashemeji wameanza kunong'ona, mke amenyamaza, na kijana hapokei tena simu za nyumbani. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, mtu aliyekula mkate wake kwa usukani miaka sita anafelije mtihani wa usukani? La pili, afanyeje kuhusu jamaa anayedai kwamba yuko mtu wa kulimaliza jambo hilo kwa fedha?

Mama yetu, shikamoo. Barua yako imetugusa, na tunajua kuwa haiko peke yake. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani hukimbilia kazi ya malori, kwa kuwa haidai shahada ya chuo kikuu na hulisha familia. Wapo wanaovuka mlango huu mara moja, na wapo wanaokwama mlangoni kwa miezi.

Tuanze na swali la kwanza. Mwanao hafelishwi kwa kuwa hajui lori. Anafelishwa, kwa kadiri barua yako inavyoonyesha, kwa kuwa mtihani ule haumuulizi kama anajua lori. Unamtaka aoneshe, kwa utaratibu na kwa sauti, kila anachokijua.

Leseni hiyo ina historia. Kabla ya sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, katika majimbo mengi mtu mwenye leseni ya gari dogo aliweza kuendesha lori kubwa pasipo mtihani wowote wa lori. Wapo pia madereva waliobeba leseni za majimbo kadhaa, wakagawanya makosa yao humo ili hakuna leseni moja itakayofungwa. Sheria ile ilikomesha yote mawili, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1992 kila dereva wa gari la aina hiyo alitakiwa awe na leseni maalumu, moja tu. Leseni ya Tanzania haibadilishwi kwa hiyo. Katika jambo hili Marekani inazitambua leseni za jirani zake wawili tu, Kanada na Meksiko. Kwa hiyo aliyesafiri miaka sita na asiyewahi kugusa gia wanaanzia mstari mmoja: mtihani wa maandishi, kibali cha mwanafunzi, mafunzo katika chuo kilichosajiliwa, sharti lililoanza Februari 2022, kisha kungoja siku zisizopungua 14 tangu kupata kibali kabla ya mtihani wa vitendo.

Mtihani wa vitendo una sehemu tatu, nazo hufanywa kwa mpangilio usiobadilika: ukaguzi wa gari, kisha kulimudu gari uwanjani, kisha barabarani. Anayeanguka katika sehemu moja haruhusiwi kuendelea na inayofuata. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu anaposema amefeli mtihani wa lori, yawezekana siku hiyo hakuondoa gari hata hatua moja.

Sehemu ya ukaguzi ndiyo tunayotaka kukaa nayo, kwa maana ndiyo inayowashangaza madereva wazoefu. Mtahiniwa huzunguka gari huku msimamizi akimfuata na karatasi. Anatakiwa akiguse au akioneshe kila kifaa, akitaje kwa jina lake, na aseme anachokikagua: hakijapinda, hakijapasuka, hakivuji, kimefungwa barabara. Mifereji ya matairi ya mbele isipungue 4/32 ya inchi, yaani kama milimita 3, na ya matairi mengine isipungue 2/32. Sahani inayobeba tela haina nafasi kati yake na tela, na kufuli lake limeishika pini. Akikiangalia kifaa kwa jicho lake zuri lenye uzoefu wa miaka sita, kisha akapita kimya, hapati alama. Msimamizi hawezi kuandika kilichomo kichwani.

Mfano mzuri ni breki za upepo. Mtahiniwa huzima injini, huacha swichi ikiwa imewashwa, huachia breki za kuegeshea gari likiwa mahali pasipo mteremko, kisha hukanyaga breki kwa nguvu na kuishikilia kwa dakika moja. Kwa lori lenye tela, upepo usipungue zaidi ya paundi 4 kwa inchi ya mraba katika dakika hiyo. Baada ya hapo hukanyaga na kuachia mara kwa mara hadi taa au mlio wa onyo uanze, na huendelea hadi kitufe cha breki za kuegeshea kiruke chenyewe, aghalabu kati ya paundi 20 na 45. Hatua zote hizi huzifanya huku akizieleza. Akiruka moja, ameanguka hapo hapo, hata kama alama nyingine zote ni nzuri. Dereva wa njia ya Tunduma anaujua upepo unaovuja kwa sikio lake, hata akiwa usingizini. Lakini huko kwetu ni nani aliyewahi kumwambia aeleze? Utingo huzunguka gari, hugonga matairi, hupiga kofi bodi, na safari huanza.

Kisha maelezo hayo yote ni kwa Kiingereza. Mtihani wa maandishi baadhi ya majimbo yamewahi kuutoa kwa lugha nyingine, lakini katika mtihani wa vitendo mkalimani haruhusiwi. Mtahiniwa lazima aelewe amri za msimamizi na azijibu. Tangu tarehe 25 Juni 2025 sharti la Kiingereza limekazwa hata kwa wenye leseni: dereva anayesimamishwa njiani na kuonekana hawezi kuzungumza wala kusoma alama za barabarani huweza kuzuiwa kuendelea na safari.

Sehemu ya pili ni uwanja wenye koni na mistari: kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, kurudi nyuma kwa kuhamia njia ya pembeni, na mengine kama hayo. Kila mtu aliyevuta tela anajua kuwa nyuma hufuata kinyume cha usukani. Hata hivyo dereva wetu anabeba mzigo wa ziada. Kwetu hukaa kulia na kupita kushoto. Kule hukaa kushoto na kupita kulia. Upande asiouona vizuri umehama. Kona ya kubana, iliyokuwa kushoto kwa miaka sita, sasa iko kulia, na ndipo gurudumu la nyuma la tela hupanda ukingo wa barabara katika sehemu ya tatu ya mtihani na kumwangusha mtu. Mwili una kumbukumbu zake, nao hauzisahau kwa kuambiwa mara moja.

Uwanjani kuna ruhusa ambayo wengi huiona aibu kuitumia. Mtahiniwa anaweza kusimama, kufunga breki, kushuka na kutazama nyuma ya gari lake, kwa idadi ya mara iliyowekwa. Sharti lake ni ashuke uso ukielekea gari, viungo vitatu vikiwa vimeshika daima: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Dereva mwenye fahari hashuki. Hukisia, akagonga koni. Kushuka kutazama ni sehemu ya kazi, na anayeshuka hapunguzi heshima yake.

Sasa swali la pili, la jamaa mwenye mtu wake. Hukumu ya rushwa wasomaji wetu wanaijua, hatutairudia. Tutaeleza tukio moja tu, lililo katika kumbukumbu za mahakama za Marekani.

Tarehe 8 Novemba 1994, karibu na jiji la Milwaukee, kipande cha chuma kilichomoka nyuma ya lori moja na kuanguka barabarani. Gari la familia lililokuwa nyuma likakipanda, kikatoboa tangi la mafuta, moto ukalipuka. Watoto sita wa baba mmoja na mama mmoja walikufa. Ilielezwa baadaye kuwa madereva wengine walijaribu kumwonya mwenye lori kwa redio kwamba kuna kitu kinaning'inia, naye hakuelewa Kiingereza. Uchunguzi ulifichua kwamba katika jimbo la Illinois leseni za malori zilikuwa zikiuzwa kwa rushwa, na dereva huyo alikuwa miongoni mwa waliozipata kwa njia hiyo. Sehemu ya fedha ilikuwa imeingia katika mfuko wa kampeni wa mkuu wa idara iliyosimamia leseni, George Ryan, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo. Makumi ya watu walishitakiwa. Ryan mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2006 na kuhukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu.

Tazama, mama, mambo mawili yaliyokosekana siku ile: kifaa ambacho hakikukazwa, na lugha ambayo haikueleweka. Ndiyo mambo mawili yanayomwangusha mwanao katika ukaguzi, na ndiyo yanayomfanya aone kuwa anaonewa. Haonewi. Kutaja kwa sauti kwamba kifaa kimefungwa barabara ni kinga ya watoto wa mtu mwingine aliye nyuma yake. Jamaa yule akija tena, mwambieni ukoo hauna fedha ya kazi hiyo.

Basi familia ifanye nini? Tunashauri mambo manne.

Kwanza, aulizwe kwa upole ni sehemu ipi aliyoanguka, naye aombe karatasi ya alama ikiwa hakupewa. Ameanguka mara tatu katika ukaguzi, au kila mara mahali tofauti? Dawa zake si moja. Aulize pia tarehe ya mwisho ya kibali chake, kwa maana alama za sehemu aliyokwisha kufaulu huhesabiwa ndani ya muda wa kibali, na muda ukipita huenda akaanza upya.

Pili, ukaguzi ufanyiwe mazoezi nyumbani, nao hauhitaji lori. Kila jimbo hutoa kitabu cha mwongozo bila malipo. Aandike orodha kwa mpangilio wa kuzunguka gari, kuanzia mbele hadi nyuma ya tela, na aiseme kila jioni. Mke ashike karatasi na kuweka alama kama afanyavyo msimamizi. Watoto wanaosoma shule za kule, ambao Kiingereza kimekwisha kuwa chao, wamsahihishe matamshi. Baba kusahihishwa na mtoto si kushuka daraja. Ni nyumba kusaidiana. Na wewe mama, ukimpata kwenye simu, mwambie akueleze kwa Kiswahili namna breki za upepo zinavyopimwa. Akishindwa kukueleza wewe kwa lugha aliyonyonya, hatamweleza mgeni kwa lugha ya kuazima.

Tatu, akifanya mazoezi ya uwanjani, atumie muda wake zaidi katika upande wa kulia, usioonekana vizuri, na katika kona za kulia. Upande wa kushoto asiufanye pumziko la kujifurahisha.

Nne, minong'ono ikome. Waliochangia ada wana haki ya kujua fedha yao imefikia wapi, nao waambiwe mara moja, kwa kikao kimoja, na mtu mmoja mwenye busara. Wasimpigie simu kila mmoja kwa wakati wake kuuliza kama amepita. Mwenye kukaguliwa na ukoo mzima usiku, asubuhi hawezi kukagua gari. Swali lililo bora ni hili: leo umefanyia mazoezi sehemu gani?

Nanyi wazazi ambao vijana wenu wangali hapa nyumbani wakijiandaa kusafiri kwa kazi hii, msiwaache waondoke na uzoefu wa mikono pekee. Waanze sasa kuyajua majina ya vifaa kwa Kiingereza, na kuzunguka lori wakisema wanachokiona. Utingo atawacheka siku mbili. Siku ya tatu atazoea.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote wanaotafuta riziki ya halali mbali na nyumbani. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.