Mkimsimamisha Afisa, Nani Atakwenda Ozi?

Agosti 2021 Mkuu wa Utumishi wa Umma, Joseph Kinyua, aliwaonya watumishi wa serikali kwa waraka: kufikia tarehe 23 wawe wamechanjwa dhidi ya UVIKO-19, la sivyo wataadhibiwa. Novemba Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akaongeza yake: kuanzia Desemba 21, asiye na cheti cha chanjo asihudumiwe ana kwa ana katika ofisi za serikali. Hapo Wakenya wazima waliokamilisha chanjo hawakufika mmoja kati ya kumi!

Sindano sina ugomvi nayo. Nilidungwa, na nitadungwa tena. Ugomvi wangu ni na walioandika adhabu wakiwa Nairobi bila kujiuliza huku Kipini, Delta ya Mto Tana, kuna nani wa kuadhibiwa.

Msichana wa darasa la saba anapoozwa kimyakimya kijijini Ozi, habari haijileti ofisini. Lazima mtu apande mashua, amwone chifu, akae na bibi wa mtoto hadi bibi afunguke. Huyo ni afisa wa watoto, mara nyingi mmoja kwa kaunti ndogo nzima, akisaidiwa na watu wa kujitolea wasio na mshahara. Nairobi ukimsimamisha karani kwa kukosa chanjo, foleni inarefuka. Hapa Delta ukimsimamisha afisa huyo, umefunga idara. Faili zake nani azishike? Askari? Mzee wa mtaa, ambaye pengine ndiye aliyekula mahari?

Waraka wa Kinyua ulilalamika kwamba wapo wanaokwepa chanjo ili wakwepe kazi. Wapo, nakubali. Sasa mtu anayekimbia kazi, dawa yake ni kumwondoa kazini?

Na mama aliyetoka kijiji cha Kilelengwani kushtaki kwamba bintiye amenajisiwa, tungemwambia atoe cheti kwanza? Amri ya Kagwe ilielekea huko huko, mpaka Mahakama Kuu ilipoisimamisha Desemba 14. Tuliokolewa na jaji, wala si busara ya wizara. Uingereza nao waliwazuia wasiochanjwa kufanya kazi katika nyumba za wazee Novemba ile ile. Machi 2022 wakaifuta sheria, wakati waliofukuzwa wamekwisha kwenda zao.

Mtasema afisa asiyechanjwa angemwambukiza mtoto. Haya, basi mleteeni chanjo hadi Kipini, mvisheni barakoa, mwekeni kwenye simu ya watoto ya 116 huku mkimshawishi. Janga jingine likija, waraka wowote wa adhabu utakaotoka nitausoma nikitafuta mstari mmoja tu: jina la afisa atakayekwenda Ozi siku mwenzake amesimamishwa.