Ilani ya Wanaokataa Kubebeshwa Vita

Ndugu wa pwani, wa bara na wa Maziwa Makuu,

Zama mpya zimefika! Enzi ya wakubwa kutuamulia vita imekwisha, nasi tumekusanyika kuizika.

Tunakataa amani inayoandikwa na wengine. Tarehe 26 Februari 1885, mjini Berlin, mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba ulioruhusu bonde la Kongo, kwa mipaka waliyoivuta hadi Bahari ya Hindi, litangazwe kuwa nje ya vita vyao. Hakuna Mzaramo wala Mluba aliyeulizwa. Vita vilipozuka mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki libaki nje. Ubelgiji nayo iliitakia Kongo hivyo hivyo, ingawa yenyewe, iliyodhaminiwa na wakubwa haohao tangu 1839 kuwa haina upande, ilikuwa imekwisha kuvamiwa tarehe 4 Agosti. Tarehe 8 manowari ya Kiingereza Astraea ikaipiga mizinga Dar es Salaam, ikilenga kituo cha redio. Mtambo, bandari na reli vilitosha kutuingiza vitani. Nchi yenye kitu anachokihitaji mpiganaji haiokolewi na karatasi.

Tunakataa kuwasahau waliobeba. Wanaume waliswagwa kutoka vijijini, wakatwishwa risasi na unga kuvuka Rufiji na Ruvuma. Kwa hesabu za Waingereza peke yao, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Ugogo ikateketea kwa njaa ya Mtunya baada ya majeshi kuchukua nafaka na ng'ombe. Ulaya ilinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25. Hata amani ilichelewa kutufikia.

Tunaamini kwamba kutoegemea upande ni nguvu, na nguvu hiyo ni ya umma. Tunaona mbele yetu siku ijayo: bandari za Mombasa, Tanga na Mtwara zikipakia kahawa, korosho na saruji, na hakuna manowari ya kigeni inayotia nanga humo kwa vita vyake. Tunaona majirani wakiapa pamoja: atakayelazimisha mmoja wetu, bandari zote zitamfungia. Mmoja peke yake atatishwa. Pwani nzima haitishiki.

Tunaamini katika mabunge yasiyofichwa. Kambi ya kigeni ikiingia kwa mkataba wa siri, vita vimekwisha kuingia, hata kama risasi ya kwanza bado. Hapo ndipo tutakaposimama, mapema, kabla vijana hawajaandikishwa.

Ndugu, dai mkataba wowote wa kijeshi usomwe hadharani bungeni kabla haujasainiwa. Mbunge wako akikataa, usimpe kura.