Kabla Hujanitumia Picha ya Mashine

San Antonio, Texas

Ndugu zangu wa Kigamboni, na wengine wote mnaojenga na kuchimba visima,



Nawaandikia wote barua moja kwa sababu swali mnaloniuliza ni moja. Mtu anachimba kisima, anasimamisha tangi, kisha ananitumia picha ya mashine ya maji yenye vikopo vinne au vitano: ninunue hii, au utanitumia ya huko? Mna haki ya kuniuliza, maana kufunga na kuhudumia filta za maji majumbani ndiyo kazi inayonilisha. Jibu langu ni kwamba mashine ije mwisho. Tuanze na kile kikopo cha kwanza kabisa, kinachopokea uchafu kabla ya vingine vyote.

Hili nililijua kwa kumtesa mama yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimtumia seti nzima, na kwenye kikopo cha kwanza nikaweka katriji ya mikroni 1. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70, hivyo nikaamini hapo hakipiti kitu. Fundi bomba akaifunga chini ya tangi, kazi safi. Wiki ya tatu bomba la bafuni likawa linadondosha matone. Mama hakuniambia, kwa kuwa ni zawadi ya mwanawe. Akarudi kuteka kwa ndoo kwenye koki ya uani. Fundi alipoitwa aliitoa katriji iliyoziba, akaizungukia Kariakoo nzima kutafuta ya saizi ile, akakosa, akafunga kikopo kitupu. Maji yakarudi kwa kasi, na mchanga wote ukaenda moja kwa moja kwenye mashine. Nilipokuja likizo nikaifungua, nikakaa chini pale uani nikashindwa kusema.

Fundi hakukosea. Niliyekosea ni mimi niliyechagua kana kwamba nyumba ya mama iko Texas. Huku maji ya mtaa hufika nyumbani yakiwa na presha ya baa 3 hadi 4. Kila mita 10 za kimo hutoa kama baa 1, kwa hiyo tangi lililokaa kwenye mnara wa mita 3 linakupa baa 0.3 hivi. Katriji ambayo huku maji huipenya bila shida, huko inayasimamisha. Tena nilichukua saizi ya ajabu isiyouzwa mjini. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu: nenda dukani ukaulizie katriji ya kubadilishia kwanza, ndipo ununue kikopo. Kile cha kawaida cha inchi 10 hupatikana kwa urahisi zaidi. Kama nafasi na mfuko vinaruhusu, chukua kinene cha inchi 20, maana kina eneo kubwa la kuchujia, hakibani maji sana na hakizibi haraka.

Basi utajuaje uweke nini? Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, ijaze maji yanayotoka kisimani, si ya kwenye tangi, uiache mezani mpaka asubuhi. Mchanga ukishuka chini upesi, dawa yake ni filta ya wavu wa chuma, ile yenye koki chini ya kufungulia uchafu utoke. Hiyo unaiosha na kuirudisha miaka na miaka. Ifunge kwenye bomba linalopanda kutoka kisimani, kwa sababu hapo pampu ndiyo inayosukuma na presha ipo. Maji yakibaki na ukungu hata kesho yake, huo ni udongo laini, na wavu hauuwezi. Utahitaji katriji ya mikroni 20 ikifuatiwa na ya 5, pamoja na pampu ndogo ya kuongeza presha baada ya tangi. Na kama maji yalitoka meupe kisha yakageuka mekundu chupani, hicho ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka. Katriji haikamati kitu kilichoyeyuka. Yaache maji ya kisima yaanguke juu ya tangi kama mvua ili yapate hewa, chuma kigande na kutua, na bomba la kwenda nyumbani litokee sentimita kadhaa juu ya sakafu ya tangi. Tangi lioshwe. Najua liko juu na kulipanda kunachosha, lakini lioshwe.

Hapa naomba mnisikilize sana. Jirani yetu mmoja aliuziwa mashine ya kulainisha maji akiambiwa itaondoa chumvi. Haiondoi. Maji mengi ya San Antonio hutoka kwenye miamba ya chokaa ya Edwards, ni magumu, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, na mashine hiyo inayafaa: resini yake hunasa kalisi na magnesiamu na kuachia sodiamu. Lakini maji yenye ladha ya bahari, kama ya visima vingi vyetu vya pwani, yakipita humo yanatoka na chumvi yake. Hayo yanahitaji mashine ya RO, inayosukuma maji yapite kwenye utando unaozuia chumvi, ambayo nayo haifanyi kazi bila presha ya kutosha, na utando wake huharibiwa na klorini. Ndiyo maana katriji ya mkaa hutangulia mbele yake kama maji yamewekewa dawa.

Walioko Arusha na Meru, katriji ya mchanga haigusi floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Pelekeni maji maabara ya Wizara ya Maji. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mkishajua namba yenu ndipo tuzungumze.

Kutunza ni kazi ndogo, mradi ifanywe. Siku katriji ikiwa mpya, weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, hesabu muda inaojaa, uandike ukutani kwa kalamu ya wino mzito pamoja na tarehe. Rudia kila mwezi. Muda ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, badilisha. Msiikwangue kwa kisu ili itumike tena. Uchafu uko ndani ya nyuzi, siyo juu tu. Kikopo cha kuonyesha kisikae juani, kitaota ukijani. Ile pete nyeusi ya mpira isipakwe mafuta ya mgando, yanaivimbisha mpaka inavuja; inataka grisi ya silikoni. Na tafadhali, vikopo hivi haviui vijidudu. Mkaa huondoa hata ile klorini iliyokuwa ikiyalinda maji, kwa hiyo ya kunywa endeleeni kuyachemsha.

Kwa hiyo, badala ya picha ya mashine, nitumieni hivi: picha ya chupa jioni na picha ya chupa asubuhi, kimo cha mnara kutoka kitako cha tangi hadi bomba la bafuni, karatasi ya maabara, na saizi ya katriji mliyoikuta dukani.

Mama, kile kikopo cha buluu kilichobaki nyuma ya jiko usimpe mtu. Nimepata katriji zinazokiingia, za mikroni 20, nazituma kumi kwa mkono wa shemeji anayekuja Desemba. Mwambie fundi aache wazi koki ya kando, ile inayopitisha maji bila kupita kwenye kikopo, siku ya kufunga, usikose maji hata saa moja.

Mwanao, na ndugu yenu,
wa San Antonio