Madaftari ya Gombe ni Mali Yetu Pia

Tarehe 1 Oktoba, 2025, Bibi Jane Goodall alifariki dunia huko California, akiwa na umri wa miaka 91. Magazeti ya dunia nzima yalimlilia, na sisi tulimlilia pamoja nayo. Aliingia Gombe mwezi Julai, 1960, akifuatana na mama yake, maana wakubwa wa Kiingereza hawakukubali msichana akae porini peke yake. Mwaka ule ule akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya juu ya tofauti ya mtu na mnyama.

Lakini, ndugu wananchi, nani kati yetu ameuliza madaftari ya kazi ile yako wapi?

Yako Marekani. Katika miaka ya 1990 yalipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 2011 yakawa Duke, na baadaye Arizona. Yametunzwa vizuri, wala sitasema uongo ili nipigiwe makofi: mchwa wale wale waliompa Bibi Goodall sifa ndio wangezila karatasi zile kama zingeachwa hivi hivi kando ya Ziwa Tanganyika. Waliozitunza tuwashukuru. Neno letu ni jingine.

Sehemu kubwa ya kumbukumbu zile haikuandikwa kwa mkono wa Bibi Goodall, wala kwa Kiingereza. Iliandikwa kwa Kiswahili, na Watanzania. Waliondoka alfajiri, wakamfuata sokwe milimani mpaka alipotengeneza kitanda chake cha usiku, wakaandika alikula nini, alitembea na nani, aligombana na nani. Mwezi Januari, 1974, sokwe wa Kasakela walipomshambulia Godi, na vita vyao vya miaka minne vikaanza, aliyeshuhudia ni Hilali Matama. Mwezi Mei, 1975, watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya Ziwa waliteka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wageni wakaondoka Gombe. Je, kazi ilikufa? Haikufa. Waliobaki na kalamu mkononi ni watu wetu.

Basi mtoto wa Kigoma akitaka kuusoma mwandiko wa babu yake, katika lugha ya babu yake, aombe ruhusa Arizona? Hivyo ndivyo tulivyojitawala mwaka 1961?

Hatudai masanduku yarudishwe yaozee hapa. Tunadai nakala kamili, ukurasa kwa ukurasa, ziwekwe Dar es Salaam na Kigoma, na mwalimu na mwanafunzi wazisome bila kuandika barua ng'ambo. Siku hizi kompyuta inabeba madaftari ya miaka sitini bila taabu, kwa hiyo asitwambie mtu kwamba mzigo ni mzito. Tena kila ukurasa uonyeshe jina la aliyeuandika. Mtu aliyelowa mvua mchana kutwa kwa ajili ya elimu asiitwe "msaidizi" tu, kama kwamba hakupewa jina na wazazi wake.

Jambo hili la majina haliwezi kungoja. Wazee waliofanya kazi ile wanapungua, na wao ndio wawezao kuutazama mwandiko na kusema, huu wa fulani. Wanachama wa Kigoma, waendeeni wazee hao kabla ya mkutano wa tawi, mkaandike wanayosema.